Shajara ya mradi: kuuhamishia mfumo wa SACCOS kizazi cha pili cha App Engine

Jumatatu, wiki ya kwanza

Shajara hii inafuatilia kazi ya kuuhamisha mfumo wa kumbukumbu za wanachama wa SACCOS moja ya hapa Tanzania kutoka mazingira ya lugha ya programu ya Python 2.7 kwenye Google App Engine, jukwaa la Google la kuendesha programu za wavuti, kwenda mazingira ya kizazi cha pili yanayotumia Python 3.12. Mfumo unapokea taarifa za michango inayolipwa kwa simu, unatunza daftari la akiba na mikopo ya kila mwanachama, unatuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo, na mwisho wa mwaka unakokotoa gawio. Umefanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuguswa sana, na hiyo ndiyo sababu uhamisho umekuwa ukiahirishwa kila ulipotajwa.

Kuahirisha kumefika mwisho. Python 2 iliacha kuhudumiwa na waundaji wake tarehe 1 Januari 2020, na Google ikakomesha msaada kwa Python 2.7 kwenye App Engine tarehe 30 Januari 2024. Programu iliyokwisha kupandishwa haikuzimwa siku hiyo, lakini mfumo unaotunza fedha za watu hauwezi kuendelea kukaa juu ya lugha ambayo mianya yake ya usalama haizibwi tena.

Tumekubaliana kwamba hatutapokea kila kipengele kipya kwa sababu tu ni kipya. Kila kimoja tutakiuliza maswali mawili: kinatuondolea kazi gani, na kinatufunga wapi? Swali la pili ndilo lililotugharimu katika mfumo wa zamani.

Jumatano, wiki ya kwanza

App Engine ilipotangazwa Aprili 2008 ilikubali Python peke yake, na iliendesha programu ndani ya uzio mkali: huwezi kuandika faili, huwezi kutumia maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C isipokuwa zile chache zilizoruhusiwa, na ombi la mtumiaji lilipaswa kujibiwa ndani ya sekunde 30, kikomo kilichoongezwa baadaye kuwa sekunde 60. Kwa upande mwingine, jukwaa lilikupa karibu kila kitu likiwa tayari: hifadhidata, kache (hifadhi ya muda ya data), foleni za kazi, barua pepe, hata utambuzi wa watumiaji. Ilikuwa kama kupanga nyumba yenye samani zilizopigiliwa misumari sakafuni. Unaishi vizuri, ila siku ya kuhama huna cha kubeba.

Kizazi cha pili, kilichoanza kutolewa mwaka 2018, kimebadilisha msingi huo. Programu sasa inaendeshwa ndani ya kontena (kisanduku kilichotengwa cha programu) linalolindwa na gVisor, teknolojia ya ulinzi ambayo Google iliiweka wazi kwa umma mwaka huohuo. Kwa kuwa ulinzi umeshuka hadi ngazi ya mfumo endeshi, hakuna tena haja ya kuibana lugha yenyewe. Maktaba yoyote unayoiorodhesha kwenye requirements.txt inasakinishwa, mtandao unatumika kama kwenye kompyuta ya kawaida, folda ya /tmp inaandikika, na seva ya wavuti ni gunicorn au nyingine utakayoichagua, mradi isikilize kwenye lango linalotajwa na kigezo cha PORT. Seva zinazojiongeza na kujipunguza zenyewe zinaruhusu ombi moja kuchukua hadi dakika 10.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote hapo ni hilo la PORT. Linaonekana dogo, lakini maana yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa kizazi cha pili ni programu ya kawaida ya wavuti. Inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mezani, kwenye Cloud Run (huduma nyingine ya Google ya kuendesha makontena), au kwenye seva ya kukodi ya mtu mwingine kabisa, bila kubadilisha mstari hata mmoja, ilimradi hatukuifunga tena kwa mikono yetu.

Jumatatu, wiki ya pili

Kufungwa tena ndiko tulikojadili leo, na mjadala ulikuwa mrefu.

Kizazi cha pili kilipotoka, huduma zile za zamani hazikuwemo. Aliyetaka kuhama alilazimika kwanza kuandika upya kila sehemu inayogusa Memcache (kache), Task Queue (foleni ya kazi) au nyinginezo. Wengi walishindwa, na mwaka 2021 Google ikazirudisha huduma hizo kwa mazingira mapya. Kwa Python hatua ni tatu: unaweka mstari wa app_engine_apis: true kwenye faili ya mipangilio ya app.yaml, unaongeza appengine-python-standard kwenye requirements.txt, na unaizungushia programu yako wito wa wrap_wsgi_app. Tumejaribu hatua hizo kwenye toleo la majaribio, na msimbo wa zamani wa foleni umeamka bila malalamiko.

Je, tuzichukue? Mmoja wetu ana hoja kwamba kuzichukua ni kurudi palepale tulipotoka. Hoja yake ina uzito, lakini upande wa pili una jambo ambalo hatuwezi kulipuuza, nalo ni foleni ndani ya muamala.

Malipo ya mwanachama yanapoingia, mfumo hufanya mambo mawili kwa pamoja: unaongeza salio lake kwenye daftari, na unaweka kwenye foleni kazi ya kumtumia ujumbe wa uthibitisho. Task Queue ya zamani inaruhusu yote mawili yawe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani yatokee yote au lisitokee hata moja. Cloud Tasks, ambayo ndiyo huduma mpya iliyokusudiwa kuchukua nafasi yake, haina uwezo huo. Ukiitumia kama ilivyo, inawezekana salio likaandikwa na kazi ya ujumbe ikapotea njiani, au kazi ikawekwa kisha muamala ukashindwa, na mwanachama akapokea ujumbe wa fedha ambazo hazimo kwenye daftari lake. Mwanachama aliyepokea ujumbe wa namna hiyo mara moja hataamini ujumbe unaofuata, na haki iko upande wake.

Tumeamua hivi. Kwa awamu hii tunaitumia Task Queue kupitia huduma zilizorudishwa, kwa sababu kubadilisha lugha na kubadilisha utaratibu wa malipo kwa wakati mmoja ni kujinyima njia ya kujua kipi kimeharibu nini. Sambamba na hilo tunaandika mbadala: kumbukumbu ya kazi inayosubiri itahifadhiwa kwenye hifadhidata ileile, ndani ya muamala uleule wa salio, na kazi ya ratiba itakayoamka mara kwa mara itazisoma kumbukumbu hizo na kuzipeleka Cloud Tasks. Kwa kuwa Cloud Tasks inaweza kuifikisha kazi moja zaidi ya mara moja, kila ujumbe utabeba namba ya muamala wa simu, na anayepokea kazi ataangalia kwanza kama namba hiyo imekwisha kushughulikiwa.

Alhamisi, wiki ya pili

Barua pepe na utambuzi wa watumiaji vimepita haraka. Wanachama wanaingia kwa namba ya simu, hivyo hatukuwahi kuutegemea utambuzi wa jukwaa. Faili ya cron.yaml, inayopanga kazi za ratiba, haikuhitaji mabadiliko ya maana, na ulinzi wake umebaki uleule: ombi la ratiba linakuja na kichwa (maelezo yanayotangulia ombi) cha X-Appengine-Cron, na jukwaa linakiondoa kichwa hicho kwenye ombi lolote linaloingia kutoka nje, kwa hiyo mtu wa mtaani hawezi kujifanya ratiba.

Jumanne, wiki ya tatu

Leo tumefika kwenye hesabu za fedha. Anayehamisha mfumo wa fedha kutoka Python 2 na ana muda mchache, muda huo autumie hapa.

Katika Python 2, kugawa namba kamili kwa namba kamili hutoa namba kamili. Mkopo wa shilingi 500,000 unaolipwa kwa miezi 12 hutoa 41,666 kwa mwezi, na shilingi 8 zinazobaki huongezwa kwenye rejesho la mwisho. Katika Python 3 alama ileile ya kugawa hutoa 41,666.666 na desimali zinazoendelea. Msimbo hauanguki wala hautoi onyo, na rejesho la mwisho, lililokuwa likikokotolewa kwa kutoa, linakuja na vipande vya shilingi ambavyo hakuna simu inayoweza kuvilipa. Dawa yake ni alama mbili za kugawa, //, na tumepitia kila mahali panapogawa kitu, pamoja na mahali ambapo kilichoonekana kuwa idadi ya kurasa kilikuwa kiwango cha adhabu ya kuchelewa.

La pili limejificha zaidi. Kitendo cha round, kinachokadiria namba hadi namba kamili, katika Python 2 hupandisha nusu daima. Katika Python 3 nusu huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Chukua mwanachama mwenye akiba ya shilingi 430,010 na gawio la asilimia 5. Hesabu ni 21,500.5. Mfumo wa zamani ungempa 21,501, na mpya ungempa 21,500. Jirani yake mwenye akiba ya 430,030 anapata 21,501.5, ambayo mifumo yote miwili inaifanya kuwa 21,502. Kwa hiyo mmoja amepunguziwa na mwingine hakuguswa, bila sababu yoyote ambayo katibu angeweza kuieleza mbele ya mkutano mkuu.

Shilingi moja ni kitu kidogo. Hata hivyo, jumla ya gawio isipolingana na kitabu cha mtunza hazina, mkaguzi hatauliza ukubwa wa tofauti, atauliza imetoka wapi. Tumeondoa round kwenye kila hesabu ya fedha na kuweka Decimal (aina ya namba ya desimali kamili) yenye kanuni ya ROUND_HALF_UP (nusu hupandishwa) iliyoandikwa wazi, ili atakayesoma msimbo baada yetu aione kanuni badala ya kuirithi kimyakimya kutoka kwa lugha. Kisha tumeendesha gawio la miaka iliyopita kwenye mifumo yote miwili, mwanachama kwa mwanachama, na kulinganisha. Matokeo yamelingana hadi shilingi.

Ijumaa, wiki ya tatu

Mtunza hazina ameomba kwa muda mrefu apate taarifa ya mwezi kwa Excel badala ya ukurasa wa wavuti. Sasa inawezekana, kwa kuwa maktaba ziko huru na /tmp inaandikika. Tahadhari moja: folda ya /tmp haiko kwenye diski, iko ndani ya RAM ya seva, na seva ya daraja la F1 ina MB 384 tu kwa ajili ya kila kitu. Faili ikiachwa pale baada ya kupakuliwa, inaendelea kula RAM hadi seva izimwe. Tunaiandika, tunaipeleka Cloud Storage (hifadhi ya faili ya Google), tunaifuta papo hapo. Tumepunguza pia michakato ya gunicorn, maana kila mchakato unabeba nakala yake ya programu nzima.

Jumatano, wiki ya nne

Hifadhidata. Hapa jukwaa limetupa zawadi ambayo haikutajwa sana, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote kwa mfumo wa aina yetu.

Datastore ya zamani, hifadhidata ya jukwaa hili, ilitunza nakala za data katika vituo kadhaa, na swali la kawaida, kwa mfano la kuorodhesha michango yote ya tawi, lingeweza kujibiwa na nakala ambayo bado haijapata mabadiliko ya hivi punde. Mwanachama alilipa, salio likaandikwa, akafungua orodha, mchango wake haumo. Baada ya muda mfupi ulionekana, lakini muda huo mfupi ulitosha kumpeleka mtu dirishani kudai fedha zake. Njia pekee ya kupata jibu la uhakika ilikuwa kuzipanga kumbukumbu zote chini ya mzazi mmoja, na kundi la mzazi mmoja lilikuwa na kikomo kilichoshauriwa cha uandishi mmoja kwa sekunde. Siku ya mwisho ya mwezi, tawi zima linapolipa kwa pamoja, kikomo hicho kilikuwa kikifikiwa.

Waliouandika mfumo huu mwanzoni walikuwa na ujuzi, na walijenga kinga juu ya kinga: jumla ya tawi imegawanywa katika vipande vingi vinavyojumlishwa wakati wa kusoma, mchango mpya unawekwa kwenye kache ili uonyeshwe hata kama swali halijauona, na kuna kazi ya usiku inayopatanisha vyote. Naiheshimu kazi hiyo. Ilikuwa jibu sahihi kwa jukwaa la wakati ule.

Kuanzia mwaka 2021 hifadhidata za Datastore zimehamishwa na Google yenyewe kwenda Firestore, hifadhidata mpya ya Google, iliyo katika hali ya Datastore, na humo kila swali linajibiwa kwa data ya sasa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kinga zile zinalinda dhidi ya tatizo ambalo halipo tena. Tumeondoa kache ya michango mipya, na ukurasa wa orodha sasa unasoma hifadhidata moja kwa moja. Vipande vya jumla tumeviacha kwa sasa, kwa sababu msongamano wa uandishi ni suala tofauti na usahihi wa usomaji, na tunataka kulipima kwenye siku halisi ya mwisho wa mwezi kabla ya kugusa kitu.

Maktaba ya NDB, ambayo msimbo unaitumia kuongea na hifadhidata, tumeiacha ileile ya zamani inayokuja na huduma zilizorudishwa. Mbadala wake, Cloud NDB, unataka kila kazi ya hifadhidata ifanyike ndani ya muktadha unaofunguliwa waziwazi, na hilo litaingia awamu ya pili.

Jumatatu, wiki ya tano

Tumepandisha toleo jipya kwa amri ya gcloud app deploy yenye --no-promote, hivyo liko hewani kwa anwani yake lenyewe bila kupokea mwanachama hata mmoja. Kinachofuata ni kugawa maombi kati ya matoleo mawili, na jukwaa linatoa njia tatu: kwa anwani ya IP, kwa kidakuzi (alama ndogo inayotunzwa na kivinjari), au kwa bahati nasibu.

Kwa watumiaji wetu njia ya IP haifai. Wengi wanaingia kwa intaneti ya simu, ambako maelfu ya watu hutoka nje kwa anwani chache za kampuni ya simu, na mtu yuleyule anaweza kubadilishiwa anwani akiwa njiani kati ya Kariakoo na Mbagala. Asilimia 5 ya anwani si asilimia 5 ya watu. Tumechagua kidakuzi cha GOOGAPPUID, ambacho humbakiza mtumiaji kwenye toleo alilopangiwa.

Taarifa za malipo kutoka kampuni za simu ni jambo jingine. Hizo hazitumwi na kivinjari, hazina kidakuzi, na ombi lisilo na kidakuzi hupelekwa toleo lolote kwa bahati nasibu. Ina maana kwamba tangu dakika ya kwanza ya mgawanyo, malipo halisi yatafika pande zote mbili, hata kama tumekusudia kuwajaribisha watu wachache. Tulikuwa na uchaguzi wa kuyaelekeza malipo kwenye huduma yake ya pekee, au kuhakikisha kwamba matoleo yote mawili yanaweza kuyapokea bila kukosana. Tumechagua la pili, kwa kuwa namba ya muamala tayari inazuia malipo kuandikwa mara mbili, na mgawanyo utakuwa wa siku chache tu.

Kukosana kungeweza kutokea kwenye kache. Matoleo yote mawili yanatumia Memcache moja, na vitu vinavyowekwa humo huhifadhiwa kwa pickle, njia ya Python ya kugeuza data iweze kuhifadhiwa, ambayo Python 3 kwa kawaida huiandika kwa mtindo ambao Python 2 haiwezi kuusoma. Vipo vigezo viwili vya mazingira vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, MEMCACHE_USE_CROSS_COMPATIBLE_PROTOCOL na NDB_USE_CROSS_COMPATIBLE_PICKLE_PROTOCOL. Vyote viwili vimewekwa kuwa True kwenye app.yaml, na tumethibitisha kwa kuandika upande mmoja na kusoma upande mwingine, kwenda na kurudi, tukitumia majina yenye herufi zisizo za kawaida na maandishi matupu.

Alhamisi, wiki ya tano

Asilimia 5 imekwenda vizuri, kisha 25, kisha 50. Logi za malipo zinalingana na orodha za kampuni za simu. Ucheleweshaji pekee uliojitokeza ni wa ombi la kwanza kwenye seva mpya, kwa kuwa maktaba ya Excel ilikuwa ikipakiwa hata kwa mtu anayetaka salio tu. Sasa inapakiwa pale inapohitajika, na anwani ya /_ah/warmup imewezeshwa ili seva ijiandae kabla ya kupewa watu.

Jumanne, wiki ya sita

Maombi yote sasa yanakwenda toleo jipya. Siku ya mwisho wa mwezi imepita, na michango imeonekana kwenye orodha mara tu ilipoingia.

Viongozi wa chama wameuliza swali zuri: kwa nini data zao zinakaa Ulaya, hali Google ilifungua kituo Johannesburg Januari 2024? Jibu lina sehemu mbili. Eneo la App Engine huchaguliwa mara moja mradi unapoundwa na halibadilishwi, kwa hiyo kuhama kunadai mradi mpya na kunakili hifadhidata. Pili, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Johannesburg ni nje ya nchi kama ilivyo Ulaya, na masharti ya kusafirisha taarifa nje yanahusika kote kuwili. Kusogea karibu kutapunguza muda wa majibu, hakutaondoa wajibu wa kisheria. Tumewashauri waanze na wajibu.

Hata hivyo swali lao linaonyesha awamu ya pili ielekee wapi. Programu ikishaachana na huduma zilizorudishwa, inaweza kupandishwa Cloud Run katika eneo lolote linalochaguliwa, na kuhamishwa tena sheria au bei ikibadilika. Kazi zilizobaki ni nne, na mpangilio wake ni huu: kuondoa Memcache, ambayo sasa inatumika kwa mambo mawili madogo tu, kuwasha utaratibu wa kazi zinazosubiri ulioandikwa wiki ya pili na kuuendesha sambamba na Task Queue, kuhamia Cloud NDB, na mwisho kufuta mstari wa app_engine_apis.

Toleo la Python 2.7 halipokei ombi lolote na halina seva inayowaka, lakini halijafutwa. Litafutwa baada ya gawio la mwaka huu kukokotolewa na mkaguzi kutia saini.